Fumbo la Khanga Sita

Kila wikiendi mume wangu alikuwa anasaka vitu vilivyofichwa na watu asiowajua. Vya kwangu, vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, alikuwa havioni. Nikasema isiwe tabu, ngoja nimfichie na mimi.

Jumamosi moja asubuhi nilisimama kwenye mlango wa sebuleni nikiwa nimejifunga khanga mpya, nyeusi na rangi ya machungwa, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Niliifunga makusudi maandishi yakae mbele. Mume wangu, hapa nimwite Baba Neema, alikuwa ameinama anafunga kamba za raba, macho yake usawa wa magoti yangu. Akainuka, akanibusu shavuni, akatoka na simu mkononi akifuata mshale.

"Narudi saa nane, mama."

Basi. Kimya. Khanga yangu na mimi tukabaki tunatazamana na mlango.

Mpenzi msomaji, kama umekulia kwenye nyumba yenye khanga unajua nilichokuwa nafanya. Mwanamke wa kwetu akiwa na la kusema halafu mdomo ukawa mzito, hufungua kabati. Jirani anasoma, wifi anasoma, mume anasoma. Wangu alikuwa hajasoma hata moja kwa miaka saba ya ndoa. Si kwamba ni mtu mbaya. Yeye alikuwa anaona maua tu.

Hii ni hadithi ya jinsi nilivyomlazimisha asome, kwa kutumia ugonjwa wake mwenyewe.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huo aliurudi nao kutoka Uholanzi alikokwenda kusoma shahada ya pili. Wazungu wanauita geocaching, sisi nyumbani tumeshaugeuza kuwa jiokeshi. Mtu anaficha kisanduku mahali, anatangaza latitudo na longitudo yake, wengine wanakitafuta kwa GPS. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo, unakirudisha palepale. Hakuna pesa wala kombe. Mwanzoni nilidhani ananizuga na kuna mtu mwingine anayekutana naye huko. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta kweli amepiga magoti nyuma ya nguzo, mtu mzima na shahada zake mbili, anashangilia kikopo cha plastiki.

Mchezo una tarehe ya kuzaliwa. Mpaka mwaka 2000 Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea mpaka mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 uvurugaji huo ukazimwa. Kesho yake tu, tarehe 3 Mei, jamaa mmoja wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Ndani aliweka kijitabu, penseli, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine. Sharti lake: ukichukua kitu, acha kitu. Hazikupita siku tatu watu wawili walikuwa wameshaifikia. Leo visanduku vimezidi milioni 3 duniani, na Dar es Salaam na Zanzibar vipo pia.

Vya kawaida unapewa namba, unakwenda. Lakini kuna aina moja ambayo kwenye ramani huonyeshwa kwa alama ya kuuliza: kisanduku cha fumbo. Namba unazopewa si za kweli. Unatakiwa ufumbue fumbo kwanza ndipo upate za kweli, ambazo kwa kanuni haziwi zaidi ya kilomita 3.2 kutoka kwenye alama. Hivyo ndivyo Baba Neema anavipenda kupita vyote. Anaweza kukaa na kimoja wiki nzima, wali unapoa mezani.

Jioni ile aliporudi, amechoka na ana furaha, nikiwa bado nimevaa khanga yangu ya tamaa sikati, wazo likanijia. Huyu mtu anapenda mafumbo. Mimi ninayo kabati zima.

MIMI NA KHANGA

Ninazo 74. Hapo sihesabu zilizochakaa na kuwa nepi za Neema. Nilianza na tatu alizoniachia bibi, zikawa ugonjwa wangu mimi. Nikipita Mtaa wa Uhuru saa ya mchana, nasimama nje ya maduka nasoma kama mtu anayesoma magazeti bila kununua.

Kwa wasiojua, khanga ina sehemu tatu. Pindo ni ile kingo inayozunguka, mji ni katikati, na jina ni yale maandishi. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, unavikata na kuvipinda mwenyewe. Maandishi ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi tunazosoma leo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887, anatajwa sana katika kuyaeneza, na khanga zake zilijulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Tangu hapo kila jambo limepita humo. Uhuru, harusi, misiba, kampeni. Hata Barack Obama aliposhinda mwaka 2008 alipata yake.

Uzuri wa jina la khanga ni kwamba halimtaji mtu. Nikivaa HASIDI HANA SABABU sijakutaja wewe. Ukijisikia, ni shauri lako. Yaani ni fumbo tayari. Kilichobaki kwangu kilikuwa kuligeuza kuwa namba.

FUMBO LA KWANZA: HASIRA TUPU

Hapo ndipo nilipochemsha.

Nilichukua majina ya khanga kumi na mbili. Kila herufi nikaipa namba, A moja, B mbili, mpaka mwisho. Nikajumlisha, nikazidisha kwa idadi ya maua kwenye pindo, nikatoa mwaka niliyoinunua khanga. Matokeo nikayapanga kinyumenyume. Nilijiona Profesa. Kabla ya kulitangaza nikampa dada mmoja hapa ofisini alijaribu. Aliketi nalo saa mbili za chakula cha mchana, akanirudishia karatasi. "Bosi, hii ni mtihani wa darasa gani?"

Sikumsikiliza. Nikamwekea Baba Neema mezani, na barua fupi: "Kisanduku chako hiki. Kazi njema."

Alikaa nalo siku tisa. Alijaza kurasa. Siku ya kumi aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kabisa, na upole ndio ulioniumiza.

"Mama Neema, ulitaka nilipate au ulitaka nishindwe?"

Nilitaka kujibu haraka, jibu halikuja. Ukweli ni kwamba nilitaka ashindwe. Nilitaka atafute asipate, ajisikie kama mimi ninavyojisikia nikisimama mlangoni. Na halafu, ukiangalia vizuri, fumbo lenyewe halikuwa na khanga ndani yake. Ungeweza kuondoa khanga ukaweka majina ya vituo vya daladala, hesabu ingebaki ileile. Hakuna alichoweza kujifunza kuhusu mimi hata kama angepata.

Nililia kidogo jikoni, nisikufiche. Kisha nikachana karatasi.

FUMBO LA PILI

Safari hii nilianza na swali tofauti: khanga inasomwaje? Haisomwi kwa hesabu. Inasomwa kwa kujua kilichotokea. Ukijua nani kamkosea nani, jina linajieleza lenyewe.

Basi nikaandika vihadithi sita, kila kimoja mistari miwili mitatu, vyote vya kweli, na kila kimoja kinaishia na mimi kuchagua khanga. Chini yake nikaweka orodha ya majina tisa, sita ya kweli na matatu ya kupoteza. Kazi ya mtafutaji ni kuoanisha. Akishaoanisha, anahesabu maneno ya kila jina. Idadi ya maneno ndiyo tarakimu. Hakuna kuzidisha, hakuna kinyumenyume.

Mahali pa siri pakaandikwa hivi: S 06° 48.ABC, E 039° 17.DEF. Herufi sita, khanga sita. Alama ya kuuliza nikaiweka kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora, iliyosimama tangu 1927, kwa kuwa kila mtu wa mjini anaijua.

Nikuonyeshe vitatu, mpangilio sikutajii.

Kimoja: "Daladala la Mbagala, breki zinapiga kelele, konda anaapa nafasi bado ipo." Huyo ni SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Maneno sita.

Kingine: "Jirani alisema mbele za watu kwamba ndoa yangu haifiki Krismasi. Kesho yake nilifagia uwanja taratibu, nikianzia upande wa dirisha lake." Hapo bila shaka ni NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Maneno kumi, na kumi nikaihesabu sifuri. Nilikuwa na shida ya sifuri kweli, maana hakuna khanga isiyo na neno. Simba huyo akaniokoa.

Cha tatu nitakirudia baadaye kidogo.

Usidhani ilikuwa rahisi. Majina mengi ya khanga yana maneno matatu au manne, na mahali ulipopachagua panadai tarakimu zake, hapajali kabati lako lina nini. Hapa Baba Neema mwenyewe aliwahi kunifundisha kitu bila kujua naandaa nini. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza baada ya nukta ina uzito wa mita 185, ya pili mita 18 na nusu, ya tatu mita 1.85 tu. Hiyo ya mwisho simu yenyewe haiwezi kuitofautisha, GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata siku ikiwa nzuri. Kumbe ya mwisho unaweza kuisogeza moja juu au chini bila dhambi. Za mwanzo huwezi, labda uhame benchi. Mimi nilihama mabenchi matatu.

Nilipolimaliza nikamrudia yule dada wa ofisini. Safari hii alicheka kwenye kile cha jirani, akakaa kimya kwenye cha tatu, akapata namba zote sita kabla chai haijapoa. Ndipo nikajua liko tayari.

SIKU YENYEWE

Nilimpa Ijumaa usiku. Vinne alivipata kitandani. Cha tano alikisumbukia kidogo, akampigia mama yake Arusha, wakacheka pamoja kwa dakika ishirini. Sijui lini walicheka hivyo mara ya mwisho.

Kikabaki kile cha tatu nilichokuficha. Kilisema hivi: "Wiki ile mwenye nyumba alikuwa anapiga simu kila siku, na mume wangu anavaa tai asubuhi kwenda kusikokuwa na kazi. Sikumwambia kitu. Niliivaa siku saba mfululizo."

Mwaka 2020 kampuni aliyokuwa anafanyia ilipunguza watu, na yeye alikuwa mmojawapo. Kwa wiki nzima alinificha. Alikuwa anatoka na begi, anarudi jioni. Nilijua tangu siku ya kwanza, mke wa mwenzake alinipigia. Nikawa namsubiri aniambie, na huku nimevaa jibu.

Nilimsikia anainuka kitandani. Akawasha taa ya koridoni, akafungua kabati langu, akawa anazitoa moja moja na kuzisoma. Nilijifanya nimelala. Alikuta MPAJI NI MUNGU, ya kijani, imepauka kwa kufuliwa kila usiku. Maneno matatu. Alikaa nayo sakafuni muda mrefu.

"Kumbe ulijua," alisema, hata hakuuliza kama niko macho.

"Nilijua."

"Na mimi niliiona hii khanga kila siku."

"Uliiona."

Asubuhi alikwenda peke yake. Kisanduku kilikuwa nje ya uzio wa nyumba ya familia ya rafiki yangu, nyuma ya benchi la zege, kwa ruhusa ya wenyewe. Saa tatu na nusu akanitumia picha ya kijitabu. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake mbaya: "Nimesoma zote sita. Samahani kwa kuchelewa."

UKITAKA KUTENGENEZA LA KWENU

Labda wewe hupendi khanga. Labda ni bao, kupika, santuri za zilipendwa, ushonaji, au mpenzi wako ni mwendawazimu wa mpira. Sawa. Haya ndiyo niliyojifunza kwa machozi yangu, wewe yapate bure:

1. Fumbo litoke ndani ya jambo lenyewe. Jiulize: nikiondoa hobi yangu, fumbo linabaki? Likibaki, umebandika tu. Kwa mfano bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hapo namba zinakungoja, anayejua bao ataziona na asiyejua ataulizia.

2. Kuwe na mlango mmoja tu wa kuingilia. Mtu akigundua kwamba ni idadi ya maneno, kila kitu kifunguke. Ukirundika hatua tano za siri, hata anayekupenda atachoka.

3. Mpe njia ya kuhakiki. Kwenye mtandao wa mchezo huu kuna sehemu ya kuingiza jibu ukaambiwa sahihi au si sahihi kabla hujapanda daladala. Itumie. Kumtembeza mtu juani bure si fumbo, ni uonevu.

4. Mjaribishe mtu, na wewe nyamaza. Ukijikuta unasema "siyo hivyo, nilimaanisha...", tatizo ni lako. Rudi ukarekebishe.

5. Omba ruhusa ya mahali. Usichimbe, usipigilie msumari kwenye mti, na kaa angalau mita 161 kutoka kisanduku kingine. Kabla hakijatangazwa, mhakiki wa kujitolea atataka kuona jibu na maelezo yote ya fumbo. Mjini kwetu ukionekana unachomeka kitu chini ya benchi watu watakuuliza, na ni haki yao. Changu ni kikopo cheupe kinachoonyesha ndani, kimeandikwa: "Huu ni mchezo. Si hatari. Fungua, andika jina, rudisha."

6. Hakikisha maji hayaingii. Masika ya Dar hayana huruma na karatasi. Usiweke chakula, siafu ndio watakuwa wa kwanza kupata. Kopo la maharage mwachie Ulmer.

7. Kumbuka utarudi. Kijitabu kitajaa, penseli itapotea. Kisanduku kama ndoa, ukishakiweka ukakisahau, utakuta maji.

NA SASA?

Baada ya yeye kuwa wa kwanza, tulikifungua kwa watu wote. Wamekuja wachache mpaka sasa, wengine wageni wasiojua Kiswahili. Nilihofia watakwama, lakini mmoja aliandika kijitabuni kwamba alisomewa majina yote na mama muuza chapati, ambaye alikataa kumwacha aondoke bila kumweleza kisa cha kila moja. Hilo limenifurahisha kuliko yote. Nililitengeneza fumbo kwa ajili ya mtu mmoja asiyesoma, limekuwa sababu ya watu wasiojuana kuzungumza.

Sikudanganyi kwamba siku hizi tunaelewana kwa kila kitu. Jumamosi bado anaondoka na mshale wake. Ila kabla ya kufunga kamba za raba, anainua macho kwanza. Kuna siku anauliza, "Leo nimefanya nini tena?", na kuna siku kweli sijamaanisha kitu, nimevaa tu iliyokuwa juu.

Mwezi uliopita alikwenda Mtaa wa Uhuru mwenyewe, bila kutumwa, akaniletea doti. Nilifungua mfuko kwa mapigo ya moyo. Nikakuta HASIDI HANA SABABU.

"Baba Neema," nikamwambia, "sasa hasidi hapa ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyefaulu mtihani. "Si ya kwangu mimi. Ni ya kufagilia uwanja."